Msomi Habebi Ndoo

Kijiwe chetu kinaitwa Soko Huria, kwa sababu kilianza mwaka ule wanunuzi binafsi wa korosho walipoingia Newala na malori yao, na kwa sababu hapo hoja yoyote hupita bila kukaguliwa. Benchi lenyewe ni ubao wa ubavuni mwa lori mojawapo. Lori liliondoka msimu ulipokwisha, ubao ukabaki. Tumeulaza juu ya mawe, mkabala na nyumba ya Filemoni fundi cherehani, ambaye tangu apate mtoto wa kwanza hakuna anayemwita Filemoni. Ni Baba Stella. Kulia hukaa Ashraf, mwenye mashine ya kupulizia dawa ya salfa mikorosho, kwa hiyo jina lake ni Salfa, na mwezi wa Julai huja kijiweni moja kwa moja kutoka shambani, nyusi zikiwa za njano. Katikati hukaa Anselmo, tunayemwita Redio. Ana redio ya mawimbi mengi ambayo haijaona betri tangu Pasaka, lakini habari zake hazijakatika. Anayetuuzia kahawa ni Bartholomayo, yaani Bato. Mimi hukaa mwisho wa ubao. Nilisoma chuo kikuu, nikafundisha jiografia mpaka nilipostaafu, na pale wananiita Ushahidi kwa sababu ya swali ambalo siachi kuwauliza. Nilianza kwenda Machi, baada ya kumzika mke wangu, Oliva. Kahawa ya Bato si nzuri sana, lakini pale mtu hainywi peke yake.

Asubuhi ninayoisimulia, Baba Stella alivuka barabara na futi ya kupimia nguo shingoni, akakaa bila kusalimia.

— Jamani, mwanangu halali.

— Yupi? — Redio aliuliza. — Stella wa chuo kikuu?

— Kwani nina Stella wangapi?

— Mbona jana nimepita hapo kwako saa nne asubuhi nikamwona amelala kwenye kiti, mdomo wazi?

— Huo ndio ugonjwa wenyewe. Mchana anasinzia, usiku macho makavu. Mama yake anasikia kitanda kinalia tu, geuka huku, geuka kule. — Akashusha sauti. — Na haukuanzia hapa. Huko chuoni alisinzia ndani ya chumba cha mtihani.

Bato aliacha kumimina.

— Akawa ameandika nini?

— Jina.

— Basi angalau alama za jina anazo.

— Chuo kikuu hawatoi alama za jina, Bato!

— Mwalimu, hawatoi?

— Hawatoi, — nilisema.

— Hata mwandiko ukiwa mzuri?

— Hata ukiwa mzuri.

— Wana roho ngumu hao watu.

Baba Stella alivuta futi yake shingoni kama mtu anayejinyonga taratibu. Alieleza kwamba mtihani ule Stella anaurudia Septemba. Akisinzia tena, anarudishwa nyumbani moja kwa moja, yeye na sanduku lake.

— Binti wa kwanza wa mtaa huu kufika chuo kikuu! Wenzake wanafukuzwa kwa mgomo, baba zao wanatembea vifua mbele. Mimi niseme wangu amefukuzwa na nini? Na usingizi?

— Utasema siasa, — Salfa alimshauri.

— Siasa ya kukoroma?

Nilimuuliza Stella anashindaje pale nyumbani. Hapo uso wake ukafunguka kidogo, maana hili alikuwa na fahari nalo.

— Anakaa, Mwalimu. Tangu afike likizo hajaguswa na kazi. Nimepiga marufuku. Msomi habebi ndoo, msomi hashiki jembe, msomi hatwangi. Nimemshonea mto wa kiti, kitambaa cha maua, nikaujaza sufi mwenyewe. Anakaa, anasoma, watu wanakuja kumwona. Mama Siti kaleta wali wa nazi. Wa nyumba ya pili kaleta kuku. Jana kaja mzee mmoja kutoka Kitangari, hata simjui, kamtazama, kasema "kumbe wanafanana na sisi," kaondoka.

Salfa alikuwa akicheka tangu kwenye mto wa maua.

— Baba Stella, hujaweka msomi wewe, umeweka mwali! Umemfungia ndani, unamlisha, unamnenepesha. Binti alishachezwa unyago, wewe unamchezesha mara ya pili. Sasa tuambie tu siku ya kumtoa, tulete ngoma.

— Unacheka nini wewe? Nimekuja hapa kutafuta dawa.

— Dawa ninayo, — alisema Redio, akaweka redio yake magotini, kama afanyavyo akitaka kuaminiwa. — Sikilizeni. Usingizi hauko kichwani. Usingizi unakaa magotini.

— Nani kasema?

— Idhaa ya nje. Wajerumani wamepima. Mtu akitembea, goti linafunguka na kujifunga, linafunguka na kujifunga, usingizi unapanda kidogo kidogo kama maji kwenye pampu. Jioni umefika machoni, mtu kwisha. Sasa mwanafunzi wa chuo kikuu kazi yake kukaa. Akikaa, goti limekunjwa. Mpira wa maji ukiukunja, maji yanapita?

— Hayapiti, — Bato alikubali.

— Ndiyo hivyo. Usingizi wa Stella wote uko magotini, umebanwa.

— Na ule wa mchana, saa nne, mdomo wazi?

Redio alifikiri.

— Ule unavuja.

— Ushahidi? — niliuliza.

— Mpapase goti. Lina joto.

Salfa alipangusa nyusi, unga wa njano ukamwangukia kwenye kikombe. Aliunywa hivyohivyo.

— Mtani wangu Redio amekaribia, ila amekosea kiungo. Tatizo liko kichwani. Kichwa ni kama ua la mkorosho. Ua lisipopata upepo, linashikwa na ukungu, linakuwa jeusi, linaanguka. Sasa hawa watoto wanakaa chumbani, dirisha limefungwa, kitabu kimewaziba uso. Kichwa kinapataje upepo? Hakipati. Kinashika ukungu. Nipe kichwa cha Stella nikipulizie.

— Salfa? Kichwani kwa mwanangu?

— Kidogo tu. Alfajiri, kukiwa kumetulia.

— Wewe una wazimu!

— Nitazame mimi. Natembea na mashine mgongoni tangu giza halijaisha, dawa inanirudia usoni kila siku. Nikigusa mkeka sijui tena dunia ikoje. Nina ukungu mimi?

— Una njano.

— Njano, ndiyo. Ukungu sina.

Bato aliinua mkono kama yuko darasani. Kwa kawaida hoja zake huja mwisho na huwa za kahawa.

— Mimi napinga wote. Msimtembeze mtoto, msimpulizie. Mtu ni kama kahawa hii. Ukilitikisa birika, machicha yanapanda. Ukiiacha itulie, machicha yanashuka chini, juu panabaki safi, ndipo usingizi unaingia. Mwacheni Stella akae.

— Amekaa mwezi mzima! — Salfa alipiga kelele. — Machicha gani hayo hayashuki?

— Basi kuna mtu anamtikisa.

— Nani?

— Vitabu. Kila akifunua ukurasa, anatikisika.

Baba Stella aliipenda hoja hiyo, kwa sababu ilimwachia mto wake wa maua. Alisema basi huenda dawa ni kukaa zaidi. Hata kufunua kurasa afanyiwe, atafutwe mtu wa kumfunulia. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alionekana mwenye nafuu, na hapo ndipo Redio alipoona hatari ya kushindwa, akaongeza moto.

— Mnajidanganya. Hili jambo ni kubwa kuliko magoti. Hili ni soko huria lenyewe.

— Limeingia vipi kwenye usingizi?

— Kumbukeni enzi za duka la ushirika. Sukari ya mgawo, sabuni ya mgawo, khanga ya mgawo. Na usingizi ulikuwa wa mgawo! Jua likizama, nchi nzima inalala, tajiri na maskini, kila mtu fungu lake. Kuna mtu alikuwa hapati usingizi enzi zile?

Tulijaribu kumkumbuka mtu. Hatukumpata.

— Sasa wameachia soko. Mwenye nguvu anakusanya. Mmewahi kumwona mnunuzi wa korosho saa nane mchana? Yuko wapi? Amelala ndani ya gari! Mkulima yuko juani anaokota korosho, yeye amelala na viatu. Ule usingizi anaoulala pale ni wa nani?

— Wetu! — alisema Salfa.

— Ni wa Stella, — alisema Baba Stella kwa uchungu.

— Na akishaujaza kwenye lori anaupeleka bandarini, — alisema Bato. — Unakwenda nje haujabanguliwa.

Sikuuliza ushahidi. Niliona hatari ya kupewa. Lakini Baba Stella alinigeukia.

— Mwalimu, wewe peke yako hapa umekaa huko. Sema kweli. Wenzako chuoni walikuwa wanalala?

Nilimjibu kadiri nilivyokumbuka.

— Waliocheza mpira jioni walilala mapema. Sisi tuliokaa maktaba mpaka ikafungwa tulikesha, halafu tukasinzia kwenye mihadhara.

— Umesikia! — Salfa alipiga ubao. — Mazoezi!

— Sijamaliza. Huenda wale walikuwa na usingizi mzuri tangu mwanzo, ndiyo maana wakawa na nguvu za kucheza. Na huenda sisi tulikaa kwa sababu tulikuwa tumechoka kwa kutolala. Kipi kilitangulia, hakuna aliyepima.

Redio alihesabu kwa vidole.

— Yaani serikali imekusomesha miaka yote ile, — alisema Redio, — umerudi na "huenda" mbili?

— Ndiyo.

— Mungu amsaidie Stella.

— Na wewe mwenyewe, Ushahidi, — Salfa aliuliza, bado akicheka, — siku hizi unalala?

— Nalala upande wangu wa kitanda.

Salfa aliacha kucheka. Bato alinijazia kikombe bila kuulizwa, akakijaza kupita kiasi, kahawa ikamwagika kwenye sahani. Redio akasimama ghafla na kuvua koti lake la mtumba, ambalo huwa halivui hata kwenye jua.

— Maneno yametosha. Nitawaonyesha zoezi lenyewe, la idhaa. Baba Stella, tazama, ukamfundishe mtoto. Mikono mbele. Mgongo wima. Unashuka hivi, taratibu, unahesabu kwa lugha yoyote, halafu unapanda.

Akashuka. Alishuka vizuri sana, mikono mbele, mgongo wima. Kisha akabaki huko.

— Sasa panda, — alisema Baba Stella.

— Napanda.

— Hatuoni.

— Nimeanza kwa ndani.

Salfa aliinama akamkagua magoti kwa makini, mikono mgongoni, kama bwana shamba.

— Usingizi umefika wapi?

— Nishike mkono.

— Kwanza tupate matokeo. Unapanda au umebanwa?

— Salfa, mtani wangu, nishike mkono, nitazikwa nimechuchumaa!

Tulimwinua, mimi na Salfa, kila mmoja kwapa lake. Goti moja lilitoa mlio. Redio alipokaa tena kwenye ubao alikuwa na jasho usoni, lakini hakuwa ameshindwa.

— Mmesikia huo mlio? Ndio unafunguka.

Baba Stella alikuwa sasa katika mashaka makubwa kuliko alivyokuja. Mazoezi yalikuwa yanaua wazee mbele ya macho yake, na kukaa kulikuwa kumeshindwa kwa mwezi mzima. Akatafuta njia ya katikati. Alisema atamkalisha Stella kwenye cherehani yake, palepale barazani, akanyage pedeli bila kushona kitu. Atakuwa amekaa, kwa hiyo heshima iko palepale. Na miguu itakuwa inakwenda, kwa hiyo Redio ataridhika. Na kichwa kitapata upepo wa gurudumu, kwa hiyo Salfa ataridhika.

— Na machicha? — aliuliza Bato.

— Atakanyaga polepole.

— Mimi mwenyewe hukanyaga kitu hicho kutwa, — aliongeza Baba Stella akijisifu. — Kwa kweli hapa mwanamazoezi ni mimi.

— Ndiyo maana tumbo lako lina afya, — alisema Salfa.

Wakati huo alikuja mwanamke kijana ambaye hatukuwa tumemwona mtaani. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni juu ya gauni, na mkononi alikuwa na ndoo mpya ya plastiki, bado ina karatasi ya dukani.

— Shikamooni.

— Marahaba, — tuliitikia kwa pamoja, na Redio akavaa koti.

Alisema anaitwa Regina, ni mwalimu wa shule ya msingi, amehamishiwa kwetu kutoka Lukuledi, amefika Jumapili. Baba Stella alimkaribisha kahawa. Akashukuru, akasema labda akirudi.

— Wazee wangu, naomba kuelekezwa kidogo tu. Njia ya kushukia bondeni, kwenye maji, inaanzia wapi?

— Bondeni? — Redio alishangaa. — Mwanangu, hapa tuna bomba. Liko sokoni, foleni tu.

— Halitoki, mzee.

— Tangu lini?

— Nimeambiwa tangu wiki iliyopita. Mashine ya kupandisha maji imeharibika.

— Haiwezekani. Mimi leo nimeoga.

— Na mimi nimenawa, — alisema Salfa, na nyusi zake.

Bato alifunua kifuniko cha birika, akachungulia ndani, akakifunika tena polepole. Mimi nilikumbuka mtungi wangu wa jikoni. Asubuhi ile ulikuwa umejaa. Sikuwa nimeujaza mimi, wala sikuwahi kumuuliza jirani aliyeujaza maji aliyatoa wapi.

— Njia ipo, ipo, — alisema Baba Stella kwa sauti ya mwenyeji. — Unakwenda na barabara hii, halafu unakata kushoto.

— Kulia, — alisema Salfa.

— Kushoto.

— Kushoto utamtupa mwalimu wa watu Shimo la Mungu! Akikanyaga mara moja pale ukingoni, atatua Ruvuma.

— Basi kulia.

— Kulia ni kanisani, — alisema Bato.

— Nyuma ya kanisa.

— Nyuma ya kanisa ni choo cha kanisa.

— Redio, wewe umezaliwa hapahapa. Umewahi kushuka bondeni kwenye maji?

— Mimi? Mimi mwanamume!

Regina alitugeukia mmoja mmoja, kwa adabu, akingoja. Alipofika kwangu nilitazama chini. Nimefundisha ramani za mikondo ya mito ya mabara matano. Njia ile sikuijua.

— Kwani huko chini kuna njia moja au nyingi? — aliuliza tena, akitusaidia.

Hata hilo hatukulijua.

— Inaanzia nyuma ya mashine ya kusaga, dada.

Ilikuwa sauti ya Stella. Alikuwa amesimama mlangoni kwao, ng'ambo ya barabara, macho mekundu, kitabu mkononi kikiwa kimefungwa kwa kidole. Sijui alikuwa amesimama pale tangu hoja ipi. Alivuka, akatuamkia, akamwambia Regina:

— Ukielekezwa kwa mdomo utapotea, inagawanyika kwenye mikorosho. Ngoja nichukue ndoo.

— Stella! — Baba Stella aliinuka. — Ndoo? Rudi kwenye kiti. Watu wanakuja kukuona, wakukute huna kitabu, una ndoo? Msomi…

— Baba, naomba niseme kitu.

— Sema umekaa.

— Nitasema nimesimama. Tangu mdogo, bomba likifa mama alikuwa ananiamsha majogoo tushuke tuwahi maji. Na bomba hili linakufa kila mara, baba, unajua.

Baba Stella hakuwa anajua. Aliitikia kwa kichwa kama anayejua.

— Mwili umeshika saa ile. Hata chuoni, saa ya bondeni ikifika naamka. Lakini kule maji yako bombani, mtu anageuza mkono tu. Basi naamka, nakaa kitandani, nasubiri wenzangu wa ndoo. Hawaji. Kukikucha natoka kitandani nakwenda kukaa kwenye kiti cha darasani, natoka hapo nakwenda kukaa maktaba, natoka hapo nakwenda kukaa kitandani. Mwili haujafanya kitu, utalala kwa lipi? Nikasema nikienda nyumbani nitapona. Nikafika nikakuta mto wa maua.

— Mbona hukuniambia?

— Nilianza. Ukasema neno ndoo lisitajwe mbele ya wageni.

— Nilisema mimi, mwali! — alisema Salfa.

— Nyamaza, — Bato alimwambia.

Stella aliingia ndani akatoka na ndoo na kata ya kuchotea maji. Mama yake, Dominika, alimfuata mpaka mlangoni na hakumzuia. Wale wasichana wawili wakashika njia kuelekea mashine ya kusaga, na kabla hawajafika kwenye kona walikuwa tayari wanacheka, sijui kwa lipi, ingawa nilidhani najua.

Baba Stella alisimama katikati ya barabara, mkono mmoja kichwani.

— Watamwona! Mtaa mzima utamwona na ndoo!

— Sasa utafanyaje?

— Nikambebee!

Akaondoka mbio na ndara zake, futi ya kupimia nguo ikipepea mgongoni.

Tulikuwa bado pale waliporudi, jua likiwa limepanda sana. Walitangulia Regina na Stella, ndoo kichwani, wakizungumza bila kushika chochote kwa mikono. Nyuma yao hapakuwa na mtu. Baadaye sana, akiwa ameshika ua wa nyumba hii, akapumzika, akashika ua wa nyumba inayofuata, alitokea Baba Stella. Mkononi alikuwa na kata.

— Umebeba nini, Baba Stella? — aliita Salfa.

— Kata, — alijibu kwa pumzi ya mwisho.

Tulimpisha akakaa katikati. Redio alimsogezea uso.

— Tuambie. Bondeni kukoje?

Baba Stella aliinua kidole, kama mtu mwenye habari ya kweli. Alifungua mdomo. Kisha kidole kikashuka, kichwa kikaangukia bega langu, naye akalala pale, kata mkononi, mpaka Dominika alipokuja kumchukua.

Kesho yake nilipofika, hakuna aliyeongea. Nilidhani kuna msiba. Bato alikuwa akimimina kahawa kwa kulaza mdomo wa birika kwenye kikombe ili isitoe sauti. Ng'ambo, Baba Stella alikuwa amesimama mbele ya mlango wake na fimbo, akiwafukuza kuku kwa ishara. Alipotuona tunamtazama, alikunja mikono miwili chini ya shavu, kisha akaelekeza kidole ndani. Akavuka kwa ncha za vidole.

— Amelala, — alinong'ona. — Jua hili lote, amelala. Hata majogoo hakuwasikia. Jana alishuka tena jioni na yule mwalimu, nikamwacha. Watu walimwona. Mmoja akamwamkia.

— Magoti, — alinong'ona Redio.

— Upepo, — alinong'ona Salfa. — Kule bondeni kuna upepo wa mkorosho.

— Mashimo ya njiani yamemtikisa, sasa yametulia, — alinong'ona Bato. — Machicha.

— Usingizi wa siku moja si ushahidi, — nilisema, labda kwa sauti ya darasani kidogo. — Inabidi tuone kama…

Baba Stella aliokota kijiwe. Hakikuwa cha kuku.

Regina alipita na ndoo tupu, akatuona tumeinamiana, akaja kuinamia pia. Baba Stella alimpa habari kwa furaha, mdomo ukiwa karibu na sikio lake.

— Na nimeshaamua. Hata huko chuoni atakuwa anashuka bondeni kila alfajiri, mpaka siku ya mtihani. Ushahidi, kuna bonde huko?

— Kuna kilima. Chuo kiko juu, barabara iko chini.

— Basi! Sawasawa na hapa!

— Na maji ya huko yako chini? — aliuliza Regina.

— Hapana, — nilisema. — Yako juu, bombani. Mabwenini.

— Sasa atashuka kufuata nini?

Redio aligeuza kitufe cha redio isiyo na betri. Salfa alitazama upande wa bondeni, kisha upande wa kanisa. Bato aliangalia ndani ya birika. Mimi niliwakumbuka vijana wa chuoni waliokuwa wakikimbia jioni kuuzunguka uwanja wa mpira, raundi baada ya raundi, halafu wanaishia palepale walipoanzia, mikono mitupu. Nilimtazama Baba Stella usoni nikaona huo ni ushahidi ambao si wa kumpa mtu aliyeikubali ndoo jana tu.

Hapo ng'ambo ya barabara kitanda kililia mara moja. Sote tulibana pumzi. Baba Stella alifumba macho. Kitanda kikatulia, na baada ya muda kidogo ukatoka dirishani mngurumo mzito, wa taratibu, kama lori linalopanda mlima na mzigo kamili.

— Msomi anakoroma, — alinong'ona Salfa kwa heshima.

— Hakoromi, — alisema Baba Stella. — Anadurusu.